Dali za Lubumbashi: historia ya mvujo unaorudi kila mwezi wa 11

LUBUMBASHI, Haut-Katanga. Mvua kubwa ya kwanza ya mwezi wa 11 inapoanguka, katika nyumba nyingi za Lubumbashi watu hawakimbilii kufunga madirisha. Wanatafuta basani. Moja inawekwa kwenye kona ya salon, nyingine karibu na kitanda cha watoto, na sufuria kuukuu chini ya mahali waya wa taa unapotokea katika plafo. Kesho yake fundi anaitwa. Anapanda juu na ndoo ya gudroni, anapaka pale anapoona ufa, analipwa, anateremka. Mwaka unaofuata, mwezi ule ule, basani zinarudi mahali pale pale.

Shida hii haichagui nyumba. Iko katika majengo ya zamani ya Wabeleji katikati ya mji, katika maofisi ya serikali, katika mashule, na katika nyumba mpya za Kenya, Katuba na Kampemba ambazo beto yake haijamaliza hata miaka mitano. Wanaoumia zaidi ni wale wasio na nafasi ya kuchagua. Familia zilizokimbia Mitwaba, Pweto na Manono miaka iliyopita, na zile zilizofika kutoka Goma na Bukavu baada ya vita vya mwanzo wa mwaka 2025, mara nyingi zinapata chumba ambacho wenyeji wamekikataa: chumba cha chini ya dali inayovuja, anekse ya nyuma ya uwanja, au jengo ambalo mwenyewe hajalimaliza. Mtu aliyezoea nyumba ya mbao na malata kule Goma anaona ukuta wa matofali na dali ya beto, anafikiri amepata nyumba ya nguvu. Anaijua nyumba hiyo vizuri siku mvua inaponyesha.

Kwa nini dali za mji huu zinavuja, zinatengenezwa, na zinavuja tena? Jibu moja liko katika simenti na gudroni. Jibu lingine, lililo kubwa zaidi, liko katika historia ya mji.

Mji uliozaliwa chini ya malata

Lubumbashi ilianza mwaka 1910, wakati reli kutoka kusini ilipofika, na ikapewa jina Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubeleji. Mwaka uliofuata, 1911, kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière kiliwasha moto kando ya mto Lubumbashi. Reli ile ile iliyobeba shaba kwenda baharini ilirudi na vitu vya kujengea, na kimojawapo kilikuwa malata.

Nyumba za miaka ile zilikuwa na paa lenye mteremko na baraza pana mbele. Kuta zilijengwa kwa matofali ya kuchomwa, mengi yakitoka katika udongo wa vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyoonekana mpaka leo kuzunguka mji. Wajenzi wa wakati ule walijua jambo moja rahisi: Katanga inapata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 3. Maji mengi hivyo, katika muda mfupi hivyo, yanafaa kuondoka juu ya nyumba haraka. Malata yenye mteremko yaliyaondoa.

Hata maduka ya katikati ya mji yaliyojengwa miaka ya 1920 na 1930, yenye uso wa mapambo, mengi yalikuwa yanadanganya macho. Kutoka barabarani mtu aliona ukuta ulionyooka juu, akafikiri ni dali. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na malata ya kawaida yenye mteremko.

Beto inapanda juu

Mambo yaligeuka baada ya vita vya pili vya dunia. Shaba ilikuwa na bei nzuri, serikali ya ukoloni ilianzisha Mpango wa Miaka Kumi wa 1949 hadi 1959, na mji ulikua haraka. Simenti haikutoka mbali, kwa kuwa kiwanda cha Lubudi kilikuwa ndani ya Katanga yenyewe. Waarkitekti waliofika kutoka Ubeleji walikuwa wamejifunza kupenda mistari iliyonyooka na beto iliyo wazi. Miaka hiyo ndiyo iliyoleta jengo la teatri la Claude Strebelle, lililofunguliwa mwaka 1956 na ambalo leo linaitwa Jengo la 30 Juni, pamoja na maghorofa na nyumba nyingi za makampuni.

Dali ilikuwa na faida za kweli. Mchwa, adui mkubwa wa mbao katika Katanga, hawali beto. Upepo wa mwezi wa 10, unaotangulia mvua, hauing'oi. Na mwenye dali anaweza kuongeza ghorofa siku akipata pesa.

Lakini wajenzi wale hawakuiacha dali peke yake, na jambo hili linasahauliwa leo. Beto ina vitundu vidogo visivyoonekana, na inapasuka kidogo hata ikijengwa vizuri. Kwa hiyo juu ya dali kulikuwa na vitu vinne. Kwanza, tabaka la simenti lililopangwa kwa mteremko mdogo ili maji yasilale. Pili, ngozi ya gudroni, ile ambayo mafundi wa Lubumbashi wanaiita rufingi mpaka leo, neno lililoletwa na Wabeleji. Tatu, matundu na mabomba ya kutoa maji. Nne, mtu: fundi wa kampuni au wa serikali aliyepanda juu kila mwaka kabla ya mvua, akafagia, akatazama, akaziba.

Mahali pengine waarkitekti walifanya zaidi. Waliweka paa la pili jepesi juu ya dali, na nafasi ya hewa katikati. Paa la juu lilipokea jua na mvua, na dali chini yake ikabaki kavu na baridi.

Wazee wa pwani walijua

Wazo hilo halikuwa geni kwa watu wa Kiswahili. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba nyingi za mawe za karne ya 19 zilijengwa kwa paa bapa, kama desturi ya Omani ilivyokuwa: boriti za mikoko, mawe ya matumbawe juu yake, halafu chokaa iliyopigwa mpaka ikashikamana. Huko Omani mvua ni chache, na paa la namna hiyo linatosha. Zanzibar mvua za masika ni nyingi. Maji yaliingia katika chokaa, yakafika kwenye boriti, boriti zikaoza.

Watu wa Zanzibar hawakubomoa nyumba zao. Walipanda juu ya paa bapa wakajenga paa lingine la mabati lenye mteremko. Ndiyo sababu anayeutazama Mji Mkongwe kutoka juu leo anaona bahari ya mabati juu ya nyumba ambazo zilianza bila mabati. Na mahali ambapo matengenezo yanachelewa, hatari inaendelea. Tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 linalojulikana na dunia nzima, iliporomoka na kuua watu.

Somo la pwani ni moja na lile la Katanga: nyumba iliyopangwa kwa inchi ya jua ikihamia inchi ya mvua, lazima iongezewe kitu juu yake, na kitu hicho lazima kitunzwe.

Rufingi tatu ambazo hazikubadilishwa

Ngozi ya gudroni haiishi milele. Jua linaikausha, inakuwa ngumu, inapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Ikifanywa vizuri inaweza kudumu miaka 15 au 20. Chini ya jua kali, bila kutunzwa, inadumu pungufu. Mtu akiziweka tarehe hizo kando ya historia ya mji, anaelewa kwa nini basani ni nyingi leo.

Dali nyingi za Lubumbashi ni za miaka ya 1950. Hata kabla ya kuzeeka ziliona vita. Katanga ilijitenga tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, na mapigano na askari wa ONU ya mwaka 1961 na ya mwisho wa 1962 yaliacha mabomu katika paa na kuta za mji. Wakati ule ule makumi ya maelfu ya Baluba waliokimbia walijaa katika kambi ya ONU pembeni ya mji, wakiishi chini ya mahema na vipande vya chochote kilichopatikana. Mji huu umejua wakimbizi wa ndani tangu zamani.

Rufingi ya kwanza, basi, ilifaa kubadilishwa kati ya 1970 na 1976. Lakini tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianisation. Nyumba na maduka ya wageni yalipewa watu wengine, na wengi kati yao hawakupewa ramani, wala fundi, wala habari kwamba juu ya nyumba kuna ngozi inayokufa. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianguka. Halafu vikaja vita vya Shaba vya 1977 na 1978. Nani angekumbuka gudroni?

Rufingi ya pili ilifaa kuwekwa karibu na 1990. Mwaka huo, mwezi wa 9, mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Gécamines, iliyokuwa imerithi makambi, mahospitali na mashule ya Union Minière, ilitoka katika tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ikafika karibu tani 30,000 mwaka 1994. Kampuni iliyokuwa inatengeneza mpaka mlango wa nyumba ya mfanyakazi haikuweza tena kulipa hata mshahara. Katika miaka 1992 na 1993, watu wengi sana wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo, hasa Likasi na Kolwezi, na nyumba zao zikaingia katika mikono mingine kwa haraka, bila mtu wa kuzitunza.

Rufingi ya tatu ingewekwa miaka ya 2000. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, wakiwa na pesa ambazo kwa wengi ziliisha haraka. Aliyebaki na nyumba ya kampuni alibaki nayo pamoja na paa lake, bila fundi wa kampuni. Pesa za migodi zilirudi mjini baada ya Sheria ya Migodi ya 2002, lakini zilienda katika majengo mapya. Zile za zamani zilipakwa rangi mbele.

Kwa hiyo dali ya mwaka 1956 inayovuja leo si dali mbaya. Ni dali ambayo tayari imekosa ngozi mara tatu.

Dali ya kungojea

Majengo mapya yana ugonjwa wao wenyewe. Baba wa nyumba anajenga kidogo kidogo, kadiri pesa inavyopatikana. Anamaliza vyumba vya chini, anamwaga dali, anaacha vyuma vimesimama juu kwa ajili ya ghorofa ya mbeleni. Kwake dali hiyo si paa. Ni sakafu ya kesho. Kwa hiyo haipewi mteremko, wala rufingi, wala mabomba ya kutosha. Halafu kesho inachelewa. Mwaka unakuwa mitano, mitano inakuwa kumi, na sakafu ya kesho inanyeshewa kila majira ya mvua.

Vile vyuma vilivyosimama ni njia ya maji. Maji yanashuka kando ya chuma mpaka ndani ya beto. Chuma kinapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inaisukuma beto mpaka inapasuka na kuanguka vipande. Anayelala chini anaona kwanza mstari wa rangi ya kahawia kwenye plafo, halafu siku moja anaona chuma chenyewe.

Kuna pia desturi ya wakati wa kujenga. Wengi wanamwaga dali mwezi wa 9 au wa 10, kwa sababu barabara ni kavu na wanataka kumaliza kabla ya mvua. Lakini huo ndio wakati wa jua kali na upepo mkavu. Beto inayokauka haraka inapasuka nyufa ndogo ndogo tangu siku ya kwanza. Inahitaji kunyweshwa maji na kufunikwa magunia au plastiki kwa siku 7 angalau, na inapata nguvu yake kamili baada ya siku 28. Mafundi wengine, ili beto iteremke kwa urahisi, wanaongeza maji katika mchanganyiko. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 unataka maji karibu litri 25. Kila ndoo inayoongezwa juu ya hapo inaondoka baadaye kama mvuke na kuacha vitundu nyuma yake.

Mwisho, maisha ya mji yanatoboa dali. Maji ya bomba yanakatika, mtu anaweka tangi la litri 1,000 juu: hiyo ni tani nzima mahali pamoja. Umeme unakatika, anafunga paneli za jua. Anataka kutazama mpira, anafunga parabole. Kila bulonga ni tundu, na matundu hayo hayazibwi vizuri.

Kwa nini gudroni ya fundi haisaidii

Mtu akielewa mambo mawili, anaelewa kwa nini pesa ya kila mwaka inapotea.

La kwanza: dali inatembea. Katika Lubumbashi, usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na dali nyeusi chini ya jua la mwezi wa 10 inaweza kupita nyuzi 50. Beto inarefuka ikipata joto na inafupika ikipata baridi. Dali ya metri 10 inaweza kurefuka na kufupika kwa milimita 4 hivi. Ufa unafunguka na kufunga kama mdomo. Gudroni iliyopakwa juu yake inakauka, inakuwa ngumu, na mdomo unapofunguka inapasuka.

La pili: maji hayaingii pale yanapodondokea. Yanaingia kwenye kona ya ukuta wa pembeni, yanatembea chini ya rufingi au ndani ya tabaka la simenti metri tatu au nne, halafu yanapata ufa na kuanguka juu ya kitanda. Fundi anayepaka juu ya kitanda anatibu kidonda ambacho hakipo.

Na wingi wa maji si wa kudharau. Mvua ya milimita 1 juu ya metri moja ya mraba ni litri 1. Dali ya metri 10 kwa 10 ikipokea mvua ya milimita 50 kwa siku moja, inapokea litri 5,000, sawa na mapipa 25 ya litri 200. Tundu moja la kutolea maji likizibwa na majani, mapipa hayo yanabaki juu. Maji ya kina cha sentimetri 5 yaliyolala juu ya dali hiyo yana uzito wa tani 5.

Kazi inayofanywa kabla ya mwezi wa 11

Mafundi wanaofanya kazi nzuri mjini wanafuata karibu mpango mmoja, na mpango huo unaanza mwezi wa 8, wakati dali ni kavu mpaka ndani. Ngozi inayowekwa juu ya beto yenye maji inavimba na kufunuka.

Kwanza ni kufagia na kufungua matundu. Mji wa jakaranda unaangusha maua yake mwezi wa 9 na wa 10, kabla tu ya mvua. Pamoja na majani ya miembe na mifuko ya plastiki, yanaziba bomba lolote. Dali nzuri ina matundu mawili au zaidi, na tundu moja la akiba katika ukuta wa pembeni, juu kidogo, ili maji yakizidi yatoke nje badala ya kuingia ndani.

Pili ni kutafuta mahali maji yanapolala. Baada ya mvua moja, au baada ya kumwaga ndoo kadhaa, alama zinachorwa kwa chokaa. Mahali ambapo maji yanabaki siku mbili, mteremko haupo. Tabaka jipya la simenti linaongezwa, sentimetri 1 au 2 kwa kila metri, kuelekea kwenye tundu. Kabla ya kuongeza uzito juu ya dali ya zamani, mtu anayejua beto anapaswa kuitazama kutoka chini.

Tatu ni nyufa. Ufa haupakwi, unafunguliwa kwa patasi, unasafishwa, unajazwa mastiki inayovutika, halafu unafunikwa kwa ukanda mpana wa rufingi au kitambaa ili dali ikitembea ngozi isikatike.

Nne ni ngozi yenyewe. Rufingi inafunika dali nzima, kila karatasi ikilala juu ya mwenzake sentimetri 10, na inapanda kwenye ukuta wa pembeni sentimetri 15 au 20. Mvujo mwingi unazaliwa katika kona hiyo, mahali ambapo fundi mwenye haraka anasimamia chini. Vyuma vya kungojea navyo vinazungushiwa ngozi, kila kimoja, na kufunikwa. Mwisho rangi nyeupe inapakwa juu: inarudisha jua, dali inatembea kidogo, na vyumba vya chini vinapata baridi.

Tano ni mtihani. Matundu yanazibwa, maji ya sentimetri chache yanaachwa juu usiku na mchana, na mtu anatazama chini. Fundi analipwa pesa ya mwisho baada ya mtihani. Ila dali iliyochoka, yenye chuma kinachoonekana, haifanyiwi mtihani huo, kwa sababu ya uzito.

Na kwa mwenye nyumba ambaye hana tumaini la kujenga ghorofa karibuni, kuna njia ya Zanzibar: malata juu ya dali. Kuta fupi za matofali zinajengwa juu ya kuta za chini, mbao zinafungwa humo, malata yanapita nje ya ukuta ili maji yaanguke mbali. Nafasi ya hewa inaachwa katikati. Siku pesa ya ghorofa ikipatikana, malata yanafunguliwa na kutumika tena. Wengi Lubumbashi wamefanya hivyo bila kujua kwamba kuna watu wa pwani waliowatangulia.

Mpangaji, mwenye nyumba na sheria

Swali gumu ni nani alipe. Mpangaji anasema nyumba si yake. Mwenye nyumba anasema pesa ya kupanga ni ndogo. Familia iliyokimbia inaogopa kusema kitu, kwa sababu kufukuzwa ni rahisi na mvua haitafuti kibali.

Sheria ya Kongo hapa ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888 juu ya mikataba inamwambia anayepangisha kutoa nyumba katika hali nzuri na kufanya matengenezo yote makubwa wakati wa kupanga. Mpangaji anabaki na yale madogo ya kila siku. Paa ni tengenezo kubwa. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 juu ya kupanga nyumba za kuishi inaweka pia mpaka wa garanti: haipaswi kupita miezi mitatu. Watu wengi wanadaiwa zaidi, wanalipa, kwa sababu hawajui au kwa sababu hawana njia nyingine.

Anayepanga chumba chini ya dali, basi, ana faida ya kupanda juu na kutazama kabla ya kutoa garanti. Alama za kahawia kwenye plafo, rangi iliyovimba, harufu ya ukungu ukutani, na chuma kinachoonekana ni maneno ambayo nyumba inasema yenyewe. Yanayoonekana yaandikwe katika mkataba, na picha ibaki katika simu. Wapangaji wengine wanapatana na mwenye nyumba: wao wananunua rufingi, gharama inatolewa katika pesa ya miezi inayofuata. Mapatano hayo ni mazuri yakiandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili.

Kuna pia usalama ambao haungoji mapatano. Maji yakidondoka kwenye taa au kwenye prizi, umeme wa chumba hicho unakatwa mara moja. Vitanda vya watoto havikai chini ya plafo iliyovimba au beto inayomwaga vipande. Familia zinazolala katika majengo ambayo hayajamalizika zinapaswa kuchagua chumba ambacho hakina maji yaliyolala juu yake, na kufungua matundu baada ya kila mvua, hata kama nyumba si yao.

Katika mitaa kadhaa ya mji, gharama kubwa kuliko zote ni ile ya kutopanda ngazi. Ufagio, saa moja ya kazi mwezi wa 10, na jicho la mtu anayetazama kona za ukuta vinaondoa sehemu kubwa ya mvujo kabla haujaanza. Hiyo ndiyo kazi ambayo zamani mfanyakazi wa kampuni aliifanya, na ambayo tangu miaka ya 1990 haina mwenyewe. Mvua za mwaka huu hazijafika. Dali bado ni kavu, na ngazi inaweza kuazimwa kwa jirani.